Sindano ya Mgongo na Usiku Unaofuata: Mwongozo kwa Mtia Ganzi wa Habaswein

Mtia ganzi wa zamu Habaswein hana mkubwa wa kumwita akafika ndani ya nusu saa. Wajir mjini ni zaidi ya kilomita 100 kaskazini, Garissa ni zaidi ya 160 kusini, na mvua zikishika, barabara ya Modogashe haiaminiki. Kwa hiyo nayaandika haya nikikufikiria wewe, afisa wa kliniki au muuguzi uliyesomea ganzi. Una bupivakeini nzito kabatini, ampuli chache za fentanili chini ya kufuli, mtambo wa oksijeni unaotegemea umeme, na wodi ya wazazi ambayo usiku huachiwa muuguzi mmoja. Hospitali kubwa za rufaa, zenye chumba cha wagonjwa mahututi, zina miongozo yake.

Swali ni hili: mama anapopasuliwa ili ajifungue, nawe unamdunga ganzi ya uti wa mgongo, je, uongeze kwenye bupivakeini dawa ya jamii ya afyuni? Jibu langu kwa fentanili ni ndiyo, karibu kila mara. Kwa mofini, ni ndiyo pale tu wodi itakapoweza kumhesabia mama pumzi mpaka kesho yake. Kabla ya kufungua ampuli ya mofini, toka kwenye chumba cha upasuaji, nenda wodini, uliza nani analala zamu na ana wagonjwa wangapi. Ukishajua hilo, nusu ya uamuzi umekwisha.

Maumivu ambayo bupivakeini haiyafikii vizuri

Bupivakeini ikipanda mpaka usawa wa chuchu, mama hasikii kisu kikipita kwenye ngozi. Shida huja baadaye. Daktari anapouvuta mfuko wa uzazi na kuutoa nje ili aushone, au anapofuta damu iliyotuama pembeni mwa tumbo, mama huanza kukunja uso. Anasema kuna kitu kinamkandamiza chini ya kifua. Kichefuchefu kinapanda, anatapika, anaanza kuugulia. Hayo ni maumivu ya viungo vya ndani, na ganzi ambayo kwenye ngozi inatosha kabisa inaweza isiyazime. Wengi wetu hapo hukimbilia ketamini, na mama anapitia maono ya ajabu katika zile dakika ambazo angemtazama mtoto wake kwa mara ya kwanza.

Fentanili kidogo ndani ya sindano ileile ya mgongo huyapunguza sana maumivu hayo, na kichefuchefu cha wakati wa kushona hupungua nayo. Ganzi hukolea mapema zaidi. Mtoto hadhuriki kwa vipimo hivi, kwa sababu kinachofika kwenye damu ya mama ni kidogo mno.

Huku kwetu faida hii ina uzito wa ziada. Upasuaji wa kujifungua unaogopwa. Wanawake wa Kisomali waliohamia Sweden na Norway waliwaeleza watafiti hofu ileile tunayoisikia Wajir Kusini, kwamba ukipasuliwa utakufa, au hutazaa tena watoto unaowataka. Wapo waliokiri kwamba hupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo apite kwa urahisi. Usiite hofu hiyo ujinga. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia akina mama 3,684 waliopasuliwa, na 20 kati yao walifariki, kiwango kinachokaribia mara hamsini ya kile cha nchi tajiri. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo ni kuvuja damu sana. Sasa fikiria mama aliyelia mezani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Habari yake hufika kisimani kabla hajatolewa nyuzi, na mama wa pili atakataa kutoa idhini mpaka mfuko wa uzazi upasuke. Kumwondolea maumivu wa kwanza ni sehemu ya kumwokoa wa pili.

Dawa mbili, tabia mbili

Fentanili na mofini ni ndugu, ila mwenendo wao ndani ya maji ya uti wa mgongo ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayokuamulia mengine yote.

Fentanili hupenda mafuta. Ikifika tu kwenye maji yale, huingia kwenye uti wa mgongo wenyewe, hufanya kazi ndani ya dakika chache, na baada ya saa mbili hadi nne imekwisha. Haibaki nyingi ya kuogelea kuelekea kichwani. Hatari yake kwenye pumzi, ikiwepo, utaiona mapema, wewe mwenyewe ukiwa bado umesimama kichwani pa mama.

Mofini hupenda maji. Huchelewa, inachukua karibu saa nzima kukolea, lakini humtuliza mama kwa saa 12 hadi 24 kwa dozi moja ndogo. Ndiyo maana tangu madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walipoandika mwaka 1979 jinsi walivyoidunga mgongoni kwa wagonjwa wa saratani, imeenea dunia nzima. Afrika Mashariki nayo imo: huko Mbarara, Uganda, watafiti waliijaribu kwa akina mama waliopasuliwa, wakailinganisha na ganzi ya ukuta wa tumbo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Lakini kwa kuwa hubaki ndani ya maji, mofini hupanda nayo polepole hadi kwenye ubongo, mahali panapoongoza kupumua. Mama anaweza kuwa macho, anacheka na jamaa zake saa kumi jioni, halafu pumzi zikapungua saa sita usiku. Kwa dozi ndogo hilo ni nadra. Nadra si kamwe, na likitokea hutokea wewe ukiwa umelala.

Kuandaa fentanili

Ampuli ya kawaida ina mikrogramu 100 ndani ya mililita 2, maana yake kila mililita ina mikrogramu 50. Kipimo kinachotumika ni mikrogramu 10 hadi 25. Mimi hupenda 15, yaani mililita 0.3. Ukipita 25 unaongeza mwasho, nafuu haiongezeki. Bupivakeini nzito ya asilimia 0.5 ibaki miligramu 10 hadi 12.5, yaani mililita 2 hadi 2.5, ukipunguza kwa mama mfupi.

Mililita 0.3 haipimwi kwa sirinji ya mililita 5. Tumia sirinji ya mililita moja yenye alama za sehemu ya mia. Ya insulini usiitumie, kwa sababu alama zake ni za yuniti, na saa tisa usiku macho yaliyochoka husoma yuniti kama mililita.

Namna ninavyoifanya ni hii. Msaidizi anaishika ampuli, anafuta shingo yake kwa spiriti, anasubiri ikauke, anaivunja. Anasoma jina, kipimo na tarehe kwa sauti, nami narudia nikiwa nimevaa glavu safi. Ananiinamishia ampuli, nami navuta kwa sindano safi bila kugusa kioo, maana nje ya ampuli si safi hata kidogo. Kisha bupivakeini, vilevile, kwa kusoma kwa sauti. Kama sindano yenye chujio ipo, itumie, kwani ampuli inapovunjwa huacha chembe za kioo. Mwishowe natazama jumla iliyomo kwenye sirinji na kuitamka: mbili nukta tatu, kama bupivakeini ni mililita 2. Isipolingana na hesabu, namwaga naanza upya.

Kusoma kwa sauti kuna sababu. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa sababu asidi ya traneksami, dawa ya kuzuia damu, ilikuwa ikidungwa mgongoni kimakosa badala ya bupivakeini. Ampuli hufanana. Mgonjwa hupata degedege, na wengi hufa. Tunaihitaji sana dawa hiyo kwa mama anayevuja damu, kwa hiyo iwepo, lakini isiwekwe kamwe kwenye trei ya ganzi. Iwe kwenye kasha jingine, na ikiwezekana upande mwingine wa chumba.

Kwa kuwa unatumia sehemu ndogo tu ya ampuli, utashawishika kuyatunza mabaki kwa ajili ya mama anayefuata, hasa mzigo wa dawa ukichelewa. Usifanye hivyo. Ampuli moja ni ya mama mmoja. Kinachobaki kimwagwe mbele ya shahidi, nyote wawili mtie sahihi kwenye daftari la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa.

Ukitaka kutumia mofini

Anza kwa kusoma lebo. Mofini ya kudunga mgongoni lazima isiwe na kihifadhi chochote. Ampuli nyingi za miligramu 10 zilizozagaa hospitalini zimetengenezwa kwa ajili ya mshipa au msuli, na baadhi zina vihifadhi ambavyo havifai kuugusa uti wa mgongo. Lebo isiposema wazi, chukulia kwamba kihifadhi kimo, na uiache.

Ikiwa unayo iliyo safi, kipimo ni mikrogramu 100. Usizidi 150 hata mama awe mkubwa namna gani. Hapa ndipo watu huua kwa hesabu. Ampuli ina mikrogramu 10,000 ndani ya mililita moja, nawe unataka sehemu moja ya mia. Chukua ile mililita moja, ongeza mililita 9 za maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, sasa kila mililita ina mikrogramu 1,000. Tupa yote ubakize mililita moja, ongeza tena mililita 9. Sasa kila mililita ina mikrogramu 100, na hiyo mililita moja ndiyo dozi yako. Ukisahau hatua ya pili umempa mama mara kumi. Usijaribu kuruka hatua hiyo kwa kupima mililita 0.1 ya mchanganyiko wa kwanza, maana ukiteleza alama chache tu umepandisha dozi kupita kiasi. Mtu wa pili afanye hesabu hiyo peke yake kwenye karatasi, bila kuangalia yako, halafu mlinganishe. Kazi yote ifanyike kwa usafi uleule wa upasuaji.

Wapo akina mama ambao singewapa mofini Habaswein hata lebo iwe safi na wodi iwe na wauguzi wawili. Wa kwanza ni mwenye kifafa cha mimba, au dalili zake kali, aliyeanzishiwa magnesiamu. Magnesiamu nayo hupunguza pumzi, na kipimo chetu cha kawaida cha sumu yake, kugonga goti, hakina maana miguu ikiwa imekufa ganzi. Huyo gonga kiwiko badala ya goti, hesabu pumzi na mkojo, uwe na kalsiamu glukoneti karibu. Wengine ni mama mnene sana anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, mwenye ugonjwa wa mapafu, na yule aliyekwisha kupewa pethidini ya uchungu wa uzazi saa chache kabla.

Usiku wenyewe

Jumuiya ya wataalamu wa ganzi ya uzazi ya Marekani ilikubaliana mwaka 2019 kwamba mama mwenye afya aliyepewa mofini ya mgongo ya mikrogramu zaidi ya 50 hadi 150 ahesabiwe pumzi na kuangaliwa usingizi wake kila saa mbili kwa saa 12. Wao wana vifaa na watu. Kwa wodi yetu naomba kila saa moja kwa saa 12 za kwanza, kisha kila saa mbili hadi zitimie 24. Muuguzi wa usiku akikuambia kwa unyofu kwamba hataweza, mshukuru, rudisha mofini kabatini, tumia fentanili pekee.

Kuhesabu pumzi ni dakika nzima kwa saa ya mkono. Mama wa huku hulala amejifunika gubigubi, na mwangalizi aliyesimama mlangoni huona shuka tu. Muuguzi aombe ruhusa, asogeze mtandio, aone kifua kikipanda. Ni vyema awe mwanamke, au shangazi aliyeketi naye amsogezee. Halafu amwite jina. Mama anayeitika na kufumbua macho yuko salama. Anayeitika akirudi kulala papo hapo aangaliwe tena baada ya robo saa. Asiyeitika mpaka atikiswe, hata kama pumzi bado ni 12, ni dharura, kwa sababu usingizi mzito hutangulia kupungua kwa pumzi.

Oksimita inasaidia, nayo ina mitego miwili. Bibi harusi wa mwaka jana na mama wa leo wote hupakwa hina. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui, ila piko jeusi kwenye kucha na ncha za vidole huweza kuzuia mwanga wa kipimo, nacho kikaleta namba za uongo au kisisome kabisa. Kiweke kwenye kidole cha mguu kisichopakwa, au ndewe ya sikio. Mtego wa pili ni mama aliyevishwa oksijeni: namba itabaki 98 wakati pumzi zimeshuka hadi sita. Kwa hiyo kifua kihesabiwe hata namba ikipendeza.

Pumzi zikiwa chini ya 10, muuguzi akuite. Zikiwa chini ya 8, au mama haamki, aanze kazi kabla hujafika: amwinue kidevu, ampe oksijeni, ampulizie kwa mfuko na barakoa. Naloksoni iwe tayari pembeni ya kitanda, imeandikwa, pamoja na sirinji na maji ya chumvi. Ampuli ya miligramu 0.4 ichanganywe ifike mililita 10, kila mililita iwe na mikrogramu 40. Atoe mililita moja au mbili kwenye mshipa kila baada ya dakika mbili au tatu, mpaka pumzi zirudi. Akimwaga yote kwa mkupuo, maumivu yote yatarudi pamoja. Na jambo linalosahaulika ni kwamba naloksoni huisha ndani ya saa moja hivi, mofini bado ipo. Mama aliyeamka akae chini ya macho ya mtu, na dozi nyingine iwe karibu.

Hatari kubwa kuliko mofini yenyewe ni mazoea ya wodi. Kwenye karatasi za dawa za wazazi waliopasuliwa huandikwa karibu bila kufikiri: pethidini ya msuli kila baada ya saa nane, na promethazini juu yake. Mama mwenye mofini mgongoni akipata hizo anazidishiwa usingizi mara mbili. Andika kwa wino mwekundu juu ya karatasi yake: amepewa mofini ya mgongo, saa fulani, asipewe pethidini, tramadoli, diazepamu wala promethazini mpaka saa fulani kesho, bila kumpigia mtia ganzi. Weka namba yako ya simu hapo.

Badala yake apewe parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, na diklofenaki au ibuprofeni, isipokuwa kama anavuja damu, figo zina shida, au presha imeharibu damu yake. Zitolewe kwa saa, zisisubiri alie. Dozi ya kwanza imfikie kabla ganzi haijaisha. Kwa mama aliyepewa fentanili pekee hili ndilo tegemeo lote la usiku, basi mwombe daktari pia amdunge bupivakeini kwenye kingo za kidonda wakati wa kufunga. Na dawa hizi hazimzuii kunyonyesha.

Mwasho

Utaulizwa kuhusu mwasho kuliko jambo lingine lolote. Huanzia puani na usoni, hushuka kifuani. Baada ya mofini huwapata wengi, baada ya fentanili huwa mwepesi na wa muda mfupi. Usipomwambia mama mapema, yeye na mama mkwe wataamini dawa imemkataa, au kwamba amepewa kitu kibaya. Mwambie kabla ya kumdunga, kwa Kisomali kama unakijua, na kama hukijui mtafute muuguzi anayekijua. Maneno mawili jifunze mwenyewe, xanuun na cuncun, maumivu na mwasho, ili uweze kumuuliza saa yoyote bila mkalimani.

Piritoni haisaidii sana, kwa sababu mwasho huu hautokani na mzio. Inachofanya ni kuleta usingizi, na usingizi ndio tusioutaka. Ondansetroni miligramu 4 kwenye mshipa huwasaidia baadhi, na hutuliza kutapika pia. Mwasho mkali usiovumilika hutulia kwa naloksoni kidogo sana, mikrogramu 40, bila kuondoa nafuu yote ya maumivu. Upele au midomo iliyovimba ni jambo jingine: hiyo ni mzio, itibu hivyo.

Idhini ni ya mama mwenyewe. Hata hivyo mume na wazee watakuwa nje ya mlango, na kuwaeleza hakukupotezei zaidi ya dakika tatu. Waambie atakuwa macho, atamsikia mtoto akilia, miguu itarudi baada ya saa chache, atawashwa kidogo. Omba mmoja wa akina mama akae kitandani kwake usiku, mfundishe kumwita jina na kumwita muuguzi asipoitika.

Kabla ya mama wa kwanza, keti na msimamizi wa wodi na mfamasia. Kwenye agizo lijalo la KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa, fentanili na naloksoni ziandikwe pamoja, na fentanili isitumike siku ambayo naloksoni imekwisha. Funguo za kabati la DDA ziwe kwa watu wawili, na wa zamu ya usiku ajulikane kabla ya magharibi. Fungueni daftari dogo: tarehe, dozi ya kila dawa, kama ketamini ilihitajika, kama aliwashwa, pumzi ya chini kabisa usiku, na jibu lake asubuhi alipoulizwa maumivu yalikuwaje. Mkishafikisha akina mama thelathini, lisomeni pamoja na wauguzi wa usiku, kisha ndipo mzungumze kuhusu mofini.